Tupeane uzoefu: kufutiwa zuio la faini ya jiji kwenye nyumba, Florida

Ndugu wanajamvi, wenye nyumba Florida tusimulie yaliyotukuta. Sura ya 162 ya sheria za jimbo inaruhusu jiji kutoza anayekiuka kanuni zake, mfano za utunzaji wa nyumba na kiwanja, faini ya hadi dola 250 kwa siku kwa kosa la kwanza na 500 likirudiwa, na miji yenye watu 50,000 au zaidi inaweza kujiwekea viwango vya juu zaidi. Amri ya faini ikishasajiliwa kwenye rekodi za kaunti huwa zuio juu ya mali (lien, yaani deni linaloishikilia mali), nalo laweza kudumu miaka 20.

Mimi niliandikiwa kwa sababu ya uzio uliooza. Fundi aliumaliza upesi, lakini faini iliendelea kupanda, kwa kuwa katika mji wetu kosa huhesabiwa kuwa limeondoka siku mkaguzi anapokuja kuthibitisha, si siku ya matengenezo. Naona mageuzi yaanzie hapo: picha yenye tarehe pamoja na risiti ya fundi visimamishe faini papo hapo, ukaguzi ufuate baadaye.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, kaka. Nyumba niliyokuwa nauza haikuwa na kosa lolote. Majani marefu yalikuwa kwenye kiwanja changu kingine, kaunti hiyohiyo, na sheria inalifanya zuio liguse hata mali nyingine za mdaiwa. Idara ya ukaguzi ilinielekeza kwa watu wa fedha, wao wakanipeleka kwa mwanasheria wa jiji, naye akasema punguzo hutolewa na bodi ya jiji inayosikiliza makosa haya, ambayo kikao chake kilikuwa bado mbali. Nililipa faini yote ili mnunuzi asiniponyoke. Faini za namna hii apewe ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kuzipunguza.

Mchangiaji wa pili: Wanunuzi, rekodi za kaunti pekee hazitoshi. Kosa ambalo halijatolewa amri, au kibali cha ujenzi kisichofungwa (ukaguzi wake wa mwisho haujakamilika), hukaa kwenye mafaili ya jiji, hivyo ulizieni huko kabla ya kutia saini.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Dada uliyelipa yote, hati ya kufuta zuio ilisajiliwa na nani?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi mwenyewe, kaka. Jiji lilinikabidhi karatasi yenye muhuri, nikaipeleka kwa karani wa kaunti na kulipia usajili. Zuio walilisajili wao, kwa hiyo sioni kwa nini kulifuta aachiwe mlipaji.