Vyura wa matete wanakufa kwenye tenki, nakosea wapi?

Kijana wa Nyegezi: Wanzengo habari zenu. Mwezi uliopita nilishuka ziwani na dogo tukakamata vyura watano, wale wadogo wa kwenye matete, nikaenda kwa fundi vioo akanitengenezea tenki la sentimita 60, nikajaza maji ya bomba nusu, mawe mawili katikati, juu nikafunika kioo wasiruke. Sasa wawili washakufa, waliobaki wamenata kona ya juu hawashuki hata kula, nawawekea nzi niliowaua hawagusi, na mchana wanakuwa weupee kama chaki. Usafi nafanya, kila baada ya siku mbili naosha tenki na sabuni ya unga mpaka linang'aa. Mama mwenye nyumba naye kaanza kuuliza vyura wa nini chumbani, nahisi anadhani mi mganga.

Shemeji Kirumba: Hahaha mkuu kwa Mwanza hii vyura chumbani? Anza kutafuta chumba kingine mapema. Ngoja wajuzi waje.

Bi Matete: Kaka hiyo sabuni ndo shida ya kwanza. Chura hanywi kwa mdomo, maji yanaingia kwa ngozi, kwahiyo chochote kilichobaki kwenye kioo kinapita nacho. Suuza kwa maji ya moto tu, likipoa ndo uwarudishe. Maji ya bomba nayo yana klorini, yaache kwenye beseni wazi masaa 24 kwanza. Halafu huyo si samaki jamani, ni mpandaji! Weka kokoto chini, juu yake neti, kisha udongo usio na mbolea, simamisha matete na majani mapana, maji yake yakae kwenye kisahani tu. Jioni wapulizie kwa chupa kama ile ya saluni, ila iwe mpya. Kioo cha juu toa, weka neti ya mbu uibane na raba, hewa ipite. Mi wangu mmoja alikufa kwa joto, nilitoka kwenda sokoni mara moja tu, kumbe jua la saa nane linahamia dirisha lile. Huo weupe wa mchana usikutishe, ndo zao jua likiwa kali, wachungulie usiku.

Kijana wa Nyegezi: Asante sana dada. Maji si nikachote tu ziwani walikotoka?

Mzee wa Mwaloni: Acha kabisa kijana wangu. Ziwa letu lina kichocho, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono vinaingia kwenye ngozi yako we unayechota, na konokono mwenyewe unaweza kumleta nyumbani kwenye hayo matete, kagua kila jani. Kinga maji ya mvua, ila yale ya kwanza kutoka kwenye bati mwaga, yana vumbi na mavi ya ndege. Na nzi mfu kwake si chakula, anadaka kinachotembea. Tafuta nyenje wadogo, asizidi nafasi iliyopo kati ya macho ya chura, na wasitoke shamba lililopigwa dawa.

Kijana wa Nyegezi: Mrejesho wakuu, leo siku ya tisa hajafa mwingine. Jana saa tatu usiku nikamulika kidogo na simu, mmoja kashuka kwenye jani, rangi imerudi yote, kadaka nyenje naona kwa macho yangu. Sasa kuna dume limeanza kuita, ting, ting, ting mpaka alfajiri, na chumba cha mama mwenye nyumba tumepakana ukuta. Linanyamazishwaje hili?