Tupeane uzoefu: viungo gani vimekusaidia kupunguza chumvi jikoni?

Habari za jioni wapendwa. Naanza mimi.

Mama yangu ana presha. Kliniki walimwambia apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu mpaka mkate na dagaa wa chumvi. Wiki ya kwanza nikampikia maharage bila chumvi kabisa. Akaonja, akasogeza sahani: "Mwanangu, hiki chakula cha wodini." Iliniuma sana.

Kilichotuokoa ni binzari nyembamba. Naikaanga kavu, moto mdogo, mpaka harufu ifike sebuleni. Naitwanga na pilipili manga na kitunguu saumu, naungia maharage pamoja na nyanya. Nikishaepua natia kotimiri na kukamulia ndimu. Chumvi inaingia mwisho kabisa, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu sita. Siku hizi mama anafuta sahani kwa tonge. Vidonge vyake anameza kama kawaida, viungo havijachukua nafasi ya hata kimoja.

Kwenu mnafanyaje?

Mdau, Mombasa
Pole na mama, dadangu. Mimi samaki wa kupaka namroweka kwa ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, kisha tui zito. Chumvi ni ya kudokoa tu, ule ukwaju wafanya kazi yote. Lakini angalieni viungo vya paketi! Miaka nilikuwa nikijisifu natumia viungo, hadi mwanangu akanisomea nyuma ya paketi: chumvi imeandikwa mwanzo. Kinachoandikwa mwanzo ndicho kingi. Sasa nanunua uzile (ndiyo hiyo binzari nyembamba) na dania nzima, nasaga mwenyewe.

Mdau, Muheza
Huku kwetu tunalima iliki, karafuu na mdalasini. Niseme la mdalasini, maana watu wanakunywa unga wake kijiko kizima kila asubuhi wakisema ni dawa ya sukari. Kuna ule mwembamba unaojikunja tabaka nyingi kama karatasi, ukiubana unavunjika. Na kuna kasia, mnene, mgumu, gamba moja tu. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali ya asili ambayo ukizidisha kila siku inaumiza ini. Kijiti kwenye pilau hakina neno.

Mdau, Dodoma
Mimba yangu ya pili, chai ya tangawizi ndiyo iliyonipunguzia kichefuchefu. Nyepesi, bila sukari.

Mdau, Mwanza
Baba anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Akasikia vitunguu saumu vinasafisha mishipa, akawa anatafuna punje nne mbichi kila asubuhi bila kutuambia. Fizi zikaanza kutoka damu. Daktari akamwachisha zile mbichi, kwenye mboga akamruhusu kiasi. Jamani, mwenye mgonjwa wa dawa hizo aulize kwanza.

Mleta mada
Asanteni mno. Nimeinuka sasa hivi kuangalia kabatini: paketi mbili, zote chumvi ndiyo ya kwanza. Na nilikuwa nazitia kwenye mchuzi wa mama! Dada wa Mombasa, huyo samaki unamroweka muda gani kwenye ukwaju? Jumamosi naenda soko la samaki la Feri, na mama anapenda changu.