Dampo la pamoja au kila halmashauri na lake? Naombeni ushauri kabla ya kikao

Diwani_Mgeni
Wakuu, habari za humu. Mimi ni diwani, muhula wa kwanza. Kamati yetu ya afya na mazingira inatakiwa kupeleka pendekezo barazani wiki ijayo. Dampo letu limejaa, na majirani nao hali ni hiyo hiyo. Mezani kuna njia tatu:

1. Tuunde bodi ya pamoja yenye bajeti yake, imiliki dampo na magari.
2. Halmashauri moja ipokee taka za wengine kwa mkataba, tulipie kwa tani.
3. Kila mtu abaki na dampo lake, ila sheria ndogo za afya na usafi zifanane.

Ipi ni nzuri? Nataka uzoefu, siasa ninayo ya kutosha.

mzani_kwanza
Mkuu, hujasema kitu. Majirani wangapi? Tani ngapi kwa siku? Eneo jipya liko umbali gani, na ardhi ni ya nani? Bila hayo hapa tutapiga ramli tu.

TanuriTu
Namba 4: tanuri la kuchomea. Dampo ni teknolojia ya babu zetu. Choma, pata umeme, basi.

mboji_na_udongo
@TanuriTu umeanza tena. Taka zikiwa na mabaki mengi ya jikoni zinakuwa mbichi, haziungui zenyewe mpaka uongeze mafuta. Hapo unalipia mafuta ili uchemshe maji yaliyomo kwenye maganda. Tenganisha zinazooza, tengeneza mboji, dampo libaki na kidogo.

BwanaAfya_Mstaafu
Mheshimiwa diwani, nisikilize mimi niliyeungua. Miaka sita nilikuwa afisa afya kwenye mpango kama namba 2 yako. Mzani uliharibika mwezi wa tatu tangu tuanze, haukutengenezwa tena. Tukaanza kuhesabu tripu. Mwenyeji akawa anaandika tripu moja kama mbili, wageni nao wakarundika magari mpaka taka zikawa zinamwagika njiani. Kila mwisho wa mwezi ni ugomvi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Sisi tulikuwa na sheria ndogo inayotaka taka za hospitali zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, sindano ziingie kisanduku cha njano kisichotoboka. Jirani hakuwa nayo. Asubuhi moja kijana wetu wa kusambaza taka akasimama ghafla, akainua mguu. Sindano ilikuwa imepenya soli ya buti, bomba lake linaning'inia nje. Nilimpeleka mwenyewe akaanze dawa za kinga ya VVU, maana lazima zianze ndani ya saa 72, kisha azimeze siku 28. Alikuwa ananipigia kila jioni kuuliza kama kichefuchefu ndiyo dalili.

Nilipowapigia wale majirani waliniuliza, "Tumevunja kifungu gani?" Sikuwa na jibu. Hakikuwepo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 85 hivi ya taka za vituo vya afya ni taka za kawaida tu. Ile 15 iliyobaki ukiichanganya humo, umeharibu zote. Kwa hiyo namba 3 si mbadala wa 1 na 2. Sheria zifanane kwanza, magari yaje baadaye.

kaa_la_historia
Bwana Afya kanikumbusha Hamburg, Ujerumani, 1892. Kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 kwa sababu jiji lilikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao mtaa kwa mtaa, ulichota mto huo huo, tena upande wa chini, maji yakishapita Hamburg, lakini ulichuja kwa mchanga. Altona uliathirika kidogo mno. Mtaa mmoja, kanuni mbili, upande mmoja majeneza.

mzani_kwanza
Mfano mzuri, ila unakupinga. Altona haikuwa na bodi ya pamoja na mtu. Ilifanya kazi yake vizuri peke yake, ikapona.

kaa_la_historia
Ilipona kwa maji. Kwa nzi isingepona. Kwenye joto, yai la nzi linakuwa nzi kamili kwa siku saba hadi kumi. Wewe uzoe taka kila siku tano, jirani azoe kila wiki mbili, nzi wake wanahamia kwako.

TanuriTu
Kwenye tanuri hakuna nzi.

Diwani_Mgeni
Samahani wakuu, nilikuwa msibani. Tuko halmashauri nne, sisi ndio wadogo. Eneo jipya liko kilomita 38, ni la halmashauri kubwa. Tani sijui, hatuna mzani.

mzani_kwanza
Hamna mzani na mnajadili kulipa kwa tani! Kodini mzani, pimeni kila gari siku saba mfululizo, kisha mrudie msimu wa mvua, maana taka zilizolowa zina uzito mwingine kabisa. Na kwa kilomita 38 mnahitaji kituo cha kuhamishia taka kwenye malori makubwa. Vinginevyo gari dogo la kuzolea linashinda barabarani.

Ninyi ni wadogo, kwa hiyo ulizeni kwenye bodi ya pamoja kura inapigwaje: kila halmashauri kura moja, au kwa wingi wa watu? Wafaransa wana sheria ya vyama vya ushirikiano wa manispaa tangu 1890 na bado wanagombana nani alipe nini. Pia nani atabaki na dampo likishafungwa? Marekani na Umoja wa Ulaya hukadiria uangalizi wa miaka 30: maji machafu yanayochuruzika, gesi, mifereji. Mwenye ardhi hatakubali abebe peke yake, nanyi msikubali kusaini kabla kifungu hicho hakijaandikwa.

mboji_na_udongo
Ukiondoa zinazooza, gesi inapungua sana na maji hayo yanakuwa na makali kidogo. Nasema tu.

fundi_mifugo
Kwenye hizo sheria za pamoja wekeni mbwa. Chanjo ya kichaa inatakiwa ifike asilimia 70 ya mbwa, na halmashauri moja ikizembea wengine wanarudi mwanzo.

TanuriTu
Mada ni taka, ndugu.

fundi_mifugo
Mbwa koko wanakula wapi, kwako?

Diwani_Mgeni
Mrejesho: kikao kimesogezwa mwezi ujao. Ile halmashauri kubwa inamsubiri mwanasheria wake. Nimewauliza kuhusu mzani wa kukodi, wakasema wazo zuri, alipie aliyelileta.

BwanaAfya_Mstaafu
Mheshimiwa, na kisanduku cha njano uliwauliza?