Vitufe vya mkato kwenye programu ya duka: KeyListener au menyu?

mtunza_stoo
Wakuu, habari za jioni. Namalizia programu ya Java ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, nakabidhi Jumatatu. Muuzaji hataki kugusa mausi: F2 kutafuta bidhaa, F9 kuchapa risiti, Ctrl+S kuhifadhi. Nitumie KeyListener (msimbo unaofungwa kwenye kisanduku kusikiliza vitufe) au niweke kwenye menyu?

Ngamiani_Kusini
Madirisha umechora kwa Swing au JavaFX? Skana ya barkodi ipo? Mbona hujasema?

mtunza_stoo
Samahani mkuu. Swing, Windows 10. Skana ipo, ya USB.

babu_msimbo
KeyListener achana nayo. Muuzaji akibofya jedwali, kisanduku ulichokifungia hakisikii tena, F9 imekufa. Tumia setAccelerator, inayokipa kipengele cha menyu (JMenuItem) kitufe chake cha mkato. Inashika dirisha zima, na "F9" inaonekana pembeni ya neno, muuzaji anajifunza mwenyewe.

Ngamiani_Kusini
Si kila kazi ina nafasi kwenye menyu. Mimi ni Key Bindings tu, yaani kufunga kitufe cha kibodi na kazi yenyewe (Action). Action moja unaipa menyu, kitufe cha kwenye skrini na kibodi. Ukiizima, vyote vinazimika.

dada_risiti
Mnasahau skana. Kwa kompyuta, skana ni kibodi: inaandika tarakimu, kisha inapiga Enter. Niliwahi kufunga programu duka la dawa, nikaifanya "Kamilisha" kuwa kitufe kinachobonyezwa na Enter, kwa setDefaultButton. Kisanduku cha barkodi hakikuwa na ActionListener (msimbo wa kuipokea Enter), basi Enter ikapita hadi Kamilisha. Mteja wa dawa tatu, risiti tatu! Nilikesha na mwenye duka tukirekebisha hesabu za siku nzima kwa mkono, na yule mama hakunipa kazi tena. Weka ActionListener, Enter itaishia pale pale.

kijana_wa_Igoma
Menyu ni za Kiswahili? Fungua, Funga, Futa zote F. Kwa herufi za kubonyeza pamoja na Alt, mimi hupigia mstari F, G na T.

babu_msimbo
Ila Ctrl+S ibaki. Watu wameizoea.

kijana_wa_Igoma
Wamezoea akina nani? Hifadhi na S wapi na wapi? Anayeanzia kompyuta hapo dukani atashika Ctrl+H upesi zaidi.

babu_msimbo
Siku akifungua Word je?

mtunza_stoo
Nimeweka kwenye menyu. F9 safi. Ila F2 nikiwa kwenye jedwali haitafuti, inaanza kuhariri seli!

Ngamiani_Kusini
JTable (jedwali la Swing) ina F2 yake, nayo inasikilizwa kabla ya menyu. Kwenye InputMap (orodha ya vitufe) ya jedwali, ile ya WHEN_ANCESTOR_OF_FOCUSED_COMPONENT, iandikie F2 "none", jedwali liiachie menyu. Na Enter ya skana umeshaijaribu?