Bega la mama: mmoja kasema pleti, mwingine slingi tu. Nimfuate nani?

Mwana_wa_pili: Wakuu habari zenu. Mama yangu ana miaka 71, wiki iliyopita kateleza bafuni akaangukia mkono, eksrei inaonyesha mfupa umevunjika pale juu karibu na bega na vipande vimesogea. Daktari wa kwanza anataka apasuliwe awekewe pleti na skrubu, wa pili kaangalia picha ile ile akasema slingi (kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni) na mazoezi. Wote wawili wanasema wanafuata makubaliano ya wataalamu, sasa hayo makubaliano yana uzito gani kama wenyewe hawaelewani?? Usingizi sipati.

FizioTu: Pole sana ndugu, na mama mpe pole. Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa PROFHER, ulitoka 2015, wagonjwa 250 kutoka hospitali 32, wamevunjika sehemu hiyo hiyo na vipande vimesogea, wengine wakapasuliwa wengine wakavaa slingi, baada ya miaka 2 tofauti ya maana haikuonekana, sio maumivu sio kutumia mkono. Wakafuatiliwa mpaka miaka 5, vile vile. Mazoezi msiyacheleweshe tu, bega hukakamaa upesi.

Mifupa_77: Kweli, ila PROFHER haikuchukua waliovunjika na bega likateguka hapo hapo, wala wale ambao mpasuaji aliona wazi lazima wapasuliwe. Kuhusu madaktari kutofautiana, wengi bado wanatumia mgawanyo wa Neer wa 1970, yaani njia ya kupanga mivunjiko hii kwa idadi ya vipande vilivyosogea, kipande kinahesabiwa kimesogea kikipita sm 1 au kikipinda zaidi ya digrii 45, na hapo ndo shida ilipo, wape madaktari picha moja watakuhesabia vipande tofauti, hata yule yule ukimrudishia baadaye anaweza kubadilisha jibu. Makubaliano mara nyingi yanapatikana kwa njia ya Delphi, kila mtaalamu anajibu kivyake bila kujua nani kasema nini, majibu yanakusanywa wanarudishiwa, raundi mbili tatu mpaka wafikie asilimia iliyopangwa toka mwanzo. Inasaidia pale tafiti hazitoshi, lakini watu kukubaliana sio ushahidi kwamba mgonjwa anapona vizuri zaidi. Mimi jopo likiwa la wapasuaji watupu, hakuna fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) hakuna mgonjwa, nalisoma kwa tahadhari sana.

Mwana_wa_pili: Asanteni sana. Na kuna mtu kanitajia bega bandia?

Mifupa_77: Lipo, lile la kugeuza, tufe linakaa upande wa bega na kikombe upande wa mkono. Utafiti wa Norway wa 2020 kwa watu wa miaka 65 hadi 85 waliovunjika vibaya ulionyesha linafanya vizuri kuliko pleti. Lakini walilinganisha na pleti, sio na slingi, usichanganye hapo. Muulize daktari kichwa cha mfupa kipo kwenye tundu lake au kimetoka, na kimepasuka au kizima. Mama ana ganzi upande wa nje wa bega, isije ikawa neva imeumia?

Mwana_wa_pili: Ngoja nimuulize sasa hivi, hilo hakuna aliyemuuliza.