MJADALA: Viwanda vya chai vya magharibi viache CTC viingie orthodox?

Mwana wa Litein

Bonasi, yaani malipo ya mwisho wa mwaka ya mkulima wa chai, ikitangazwa, sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa hupata pungufu kuliko wenzetu wa Mlima Kenya, kisha tunaandikiwa dawa ileile: tuache CTC, yaani chai ya chembechembe, tutengeneze orthodox, chai ya jani lililoviringishwa badala ya kukatwakatwa. Wanasiasa wanaisema matangani, maofisa wanaisema kwenye baraza. Mimi napinga. Mwenye hoja ailete.

Kwanza tujue tunachotengeneza. Jani likifika kiwandani linanyaushwa kwa saa nyingi, linapitishwa katikati ya rola zenye meno, linatoka chembechembe, linaachwa ligeuke rangi, ndipo linakaushwa. Ufundi huo ulizaliwa Assam, India, miaka ya 1930. Ulienea kwa sababu chembe ndogo hutoa rangi na ukali upesi, na huenea vizuri ndani ya kile kifuko cha karatasi. Mwingereza wa vifuko anaitaka. Mpakistani anayechemsha majani ndani ya maziwa anaitaka zaidi, maana jani la orthodox ukilitia kwenye maziwa mengi hulisikii. Mmisri naye anaitaka nyeusi tii, kwenye glasi, sukari tele. Hao ndio wanaotuweka mjini pale mnada wa Mombasa. PF1 yetu, lile daraja la chembe ndogo, wanaitambua kwa kuonja tu.

Orthodox ina watu wake: Urusi, Iraki, Irani, Uturuki. Huko Sri Lanka imeketi zamani.

Shida yetu haiko kwenye meno ya rola. Zaidi ya asilimia 90 ya chai yetu inauzwa nje, na nyingi inaondoka ndani ya magunia, inachanganywa na ya nchi nyingine, inauzwa kwa jina la mwenye pakiti. Nunua mashine mpya kwa mkopo wa mkulima, halafu orthodox yako nayo iondoke kwa gunia. Umefanya nini?

Mudete Juu

Ndugu, unaongea kana kwamba vinywa vya watu viliumbwa hivyo. Wachina wenyewe walikuwa wakinywa chai iliyogandamizwa kama tofali, inasagwa unga ndipo inatiwa maji. Mwaka 1391 mfalme Hongwu akakataa kuletewa matofali kama ushuru, akataka majani, kwa kuwa kazi ile iliwaumiza wakulima. Leo ukitaja chai ya China kila mtu anawaza majani. Waingereza nao walikunywa chai ya China muda mrefu kabla ya kupanda yao Assam. Ladha hufundishwa, na anayefundisha ndiye anayekula.

Halafu usitaje Sri Lanka nusu. Wale wana alama ya simba kwenye pakiti na dunia inaijua. Sisi tuna nini? Hakuna aliyesema CTC ifungwe yote. Tunasema kila kiwanda kiwe na laini moja ya mashine za orthodox, ili soko moja likianguka tusianguke nalo.

Mwana wa Litein

Hongwu alikuwa mfalme na mteja kwa wakati mmoja. Alichoagiza ndicho alichokinywa. Mkurugenzi wa kiwanda chenu huko Vihiga atamwamuru nani Karachi?

Na hiyo alama ya simba inaniunga mkono mimi. Iko kwenye pakiti, haiko kwenye mashine.

Jakisumo wa Kondele

Mimi siuzi Karachi, nauza hapa Kondele, Kisumu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Maji na maziwa nusu kwa nusu, tangawizi iliyopondwa, majani, sukari, sufuria inaachwa ipande na kushuka mpaka rangi ikae. Mtu wa boda akinywa kikombe na mandazi mawili ameshapata nguvu ya asubuhi. Kuna mteja aliniletea orthodox nijaribu. Nikaipika vilevile, ikatoka imepauka, watu wakaniuliza kama majani yameisha dukani.

Kupika hivi hatukukuta kwa babu zetu, wao walikuwa na uji. Wahindi waliofungua maduka hapa baada ya reli kufika 1901 walichangia sana, na leo ni yetu, hatuombi radhi. Ninachouliza ni kimoja: mbona nchi inayouza chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani, mimi mpishi wake napata vumbi lisilo na harufu?

Mchuna Majani, Nandi Hills

Wakubwa, mnasahau mikono. Orthodox nzuri inataka majani mawili na chipukizi, na hayo huchunwa na mtu. Mashine inanyoa juu ya kichaka, inabeba chipukizi, kijiti na jani kuukuu pamoja. Shamba nililokuwa nafanyia lilileta mashine, tukabaki wachache. Mei 2023 mashine kama hizo zilichomwa moto huko Kericho. Siungi mkono kuchoma, lakini hasira naijua. Kama orthodox itafanya vikapu virudi mgongoni, mimi niko upande wa Mudete.

Mjukuu wa Gwassi

Mnagombania jani, hakuna anayetaja udongo. Watalai, ukoo wa Wakipsigis, walihamishwa Kericho kwa nguvu na wakoloni Waingereza 1934, wakatupwa Gwassi karibu na ziwa, na ardhi ya Wakipsigis ikageuzwa mashamba makubwa ya chai. Mwaka 2022 kesi dhidi ya Uingereza ilipelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mkilipwa orthodox au CTC, sisi bado tunadai.

Mudete Juu

Mjukuu, hiyo ifunguliwe mjadala wake, na nitachangia. Hapa itazama.

Mwana wa Litein

Dada wa Nandi amenipa hoja nzito kuliko zote, ila tazama upande wetu wenye vishamba vidogo. Sisi bado tunachuna kwa mkono. Nenda kituo cha kupimia jioni. Karani anaingiza mkono ndani ya gunia, anatoa jani gumu, analiangalia. Akitaka anakurudisha ukachambue, akitaka anafumba macho. Mkipita wote, mama aliyechuna majani mawili na yule aliyekwangua kichaka wanalipwa bei moja kwa kilo. Kwa nini ajisumbue? Ubora unafia hapo, kabla lori halijawashwa.

Tulishaona na chai ya zambarau. Ile TRFK 306 ilitolewa na watafiti wa Kericho 2011, tukaambiwa ina soko la peke yake. Mjomba wangu aling'oa mahindi akaipanda. Kiwanda hakikuwa na laini yake, ikamwagwa pamoja na majani ya kijani ya kawaida, bei ileile. Orthodox bila bei yake kituoni itakuwa hivyo hivyo.

Mudete Juu

Hapo kwa bei mbili kituoni tuko pamoja. Lakini hizo bei mbili zitatoka wapi kama kiwanda kina bidhaa moja?

Mwana wa Litein

Mkutano wa wakulima ukiitwa nitasimama niulize: laini za orthodox ambazo zimeshafungwa kwingine zimeuza kilo ngapi, kwa nani, na mkulima aliongezwa shilingi ngapi. Wakinijibu kwa karatasi nitarudi hapa niiweke.

Jakisumo wa Kondele

Ukisimama uulize na bei ya gunia la PF1 kwa mpishi wa Kisumu. Pesa taslimu ninayo.