Nanga mpya kwa boti ya tanga ya futi 30: kilo 10 au 15?

Mwana_Tongoni
Wakuu, salaam. Boti ni ya fiberglasi, futi 30, tani 4 ikiwa na mizigo. Njia zake ni Tanga, Pemba na Unguja, mara chache Mafia. Nanga iliyopo ni ya jembe lenye bawaba, nakala ya CQR, kilo 11. Imenasa kwenye mwamba na mkono umepinda. Nyuma yake kuna mita 10 za mnyororo wa mm 8, kisha kamba ya plastiki ya mm 12. Winchi hakuna, ni nguvu za mikono. Ninazoweza kupata ni Delta kilo 10, Rocna kilo 10 au 15 (zote mbili za jembe lisilo na bawaba), na ya makucha matatu mfano wa Bruce kilo 10. Fundi anasema mkono ataunyoosha kwa moto. Mnashaurije?

Kusi_Mkali
Mkuu, huo mkono usinyooshwe. Moto unaunguza zinki na unalegeza chuma palepale kilipopinda, kwa hiyo kitapinda tena hapohapo, na safari hii huenda ni usiku.

Chukua Rocna ya kilo 15. Ya kilo 10 ingetosha siku za upepo wa kawaida, lakini nanga unainunulia siku ya kusi kali. Ile pinde ya juu huigeuza ikiangukia mgongo, ncha yake ni kali, na jembe lake limebonyea kama koleo, hivyo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyozama. Ya bawaba mara nyingi hulima mfereji tu mchanga ukiwa mgumu. Delta si mbaya, ila kwa uzito uleule inashika kidogo kuliko hiyo. Ya makucha matatu hunasa upesi hata penye mawe, lakini kwa kilo 10 mchangani inaachia mapema.

MajiMafu
Naungana naye kuhusu kilo 15, ila kinachonitisha zaidi ni hiyo amari, yaani mnyororo na kamba ya nanga. Kamba ya plastiki inaelea, hainyumbuki, na jua linaila. Boti ikirushwa na wimbi, mshtuko wote unashuka kwenye nanga na kuing'oa. Weka nailoni ya nyuzi tatu, mm 14.

Tupige hesabu. Umetia nanga maji yamekupwa, kina mita 5. Bamvu la kwetu, yaani maji makuu, linaongeza mita 3.5 hivi. Roda ya omo (gurudumu la mbele linalopitisha mnyororo) iko mita 1.2 juu ya maji. Jumla ni mita 9.7, na si 5! Urefu wa amari uwe mara tano hadi saba ya hizo: mara tano ni karibu mita 49, mara saba ni 68. Kwa hiyo mnyororo mita 30, nailoni mita 40. Anayepima kwa kina anachokiona saa ile ndiye anayeamkia ufukweni.

Mnyororo wa mm 10 usikushawishi. Mita 30 zake ni kilo 67 hivi, wakati mm 8 ni kilo 42 hivi. Upepo ukikaza mnyororo wowote unanyooka, na faida ya uzito wake inapungua sana. Hizo kilo zipeleke kwenye nanga.

Mwana_Tongoni
Shukrani sana. Je, kilo 15 kwa mikono itawezekana? Na kwenye hori za mikoko zenye tope, bado ni hiyohiyo?

Kusi_Mkali
Inawezekana. Kwenye kina cha mita 8, nanga ikishang'oka unainua kilo 15 na mita 8 za mnyororo, yaani kilo 26 hivi, na zinapungua kadiri unavyovuta. Kuing'oa usitumie mgongo: vuta mpaka mnyororo usimame wima, funga, subiri mawimbi yainue omo, nanga italegea yenyewe.

Kuhusu tope zito, hapo ndipo udhaifu wa nanga hizi. Maji yakigeuka, boti inazunguka nusu duara; nanga ikichomoka, bonge la tope linabaki juu ya jembe na inashindwa kuzama tena. Ongeza amari, na uwe macho maji yanapogeuka. Danforth, ile ya mabapa mawili yenye bawaba, inashika tope vizuri mno ikivutwa upande mmoja, kwa hiyo ya kilo 7 au 8 iweke kama nanga ya tezi (nyuma). Isiwe ya omo: jiwe au mnyororo ukibana kati ya mabapa yake, haizami tena.

FundiOmo
Kabla ya kulipa, pima nafasi. Ile pinde ya Rocna kwenye boti nyingi ndogo hugonga reli ya mbele au tanga la mbele lililokunjwa. Kata umbo lake kwa ubao mwembamba, upana na urefu kamili, ulilaze kwenye roda uone. Likigonga, chukua Delta ya kilo 16, haina pinde.

Shakeli, ile pingu inayounga nanga na mnyororo, iwe ya chuma kilichopakwa zinki, mm 10, yenye alama ya uzito inaoweza kuhimili, na pini ifungwe kwa waya. Ya stenlesi hula zinki ya mnyororo. Kiungo cha kuzunguka achana nacho, ni sehemu moja zaidi ya kukatika.

Matumbawe usiyatilie nanga kabisa: unayavunja, na mnyororo unajisokota kwenye vichwa vyake. Tafuta weupe wa mchanga jua likiwa juu. Chini pakitia shaka, funga kamba ya mm 8 kwenye tundu la nyuma ya jembe, na boya juu, ndefu kuliko kina cha maji yaliyojaa. Ikinasa, unaivuta kinyumenyume, na mkono haupindi.

Ukishatia, rudi nyuma taratibu, kisha kaza injini hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, na uishikilie hapo dakika nzima huku ukilinganisha minazi miwili nchi kavu. Ikisogea, ng'oa utie upya.

MajiMafu
Na mwisho wa amari ndani ya boti ufungwe kwa kamba inayofika sitahani, ili siku ya dharura uikate kwa kisu.